Mwanza hadi KIA: umbali mmoja, namba tatu, na saa za kumfikisha mama salama

Msomaji wetu wa Nyakato, Mwanza, ameuliza hivi: "Mwezi ujao nampeleka mama yangu KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, akapande ndege ya kwenda Ulaya kwa mdogo wangu. Ndege hiyo inaondoka 21:20. Tiketi yetu ya kutoka Mwanza, ambayo tumeikata kivyake, inaonyesha tutatua KIA 17:10. Nimetafuta mtandaoni umbali wa viwanja hivi viwili nikachanganyikiwa. Sehemu moja wameandika 473, nyingine 294, nyingine 255. Muda nao hivyo hivyo: dakika 35, saa 1 na dakika 5, saa 1 na robo. Kaka yangu anasema tuachane na ndege, twende kwa gari, maana kwenye ramani ni karibu tu. Umbali wa kweli ni upi, na je, tutawahi?"

Dada yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Nimefanya kazi ya kuongoza ndege kwa miaka mingi, na swali lako linaulizwa na watu wengi kila wanapopanga safari ya kuunganisha ndege. Nitalijibu lote, lakini kwa kirefu zaidi nitajibu la mwisho, kwa sababu ndilo litakaloamua kama mama atalala Ulaya au atalala kwenye benchi.

Namba tatu za umbali ulizozikuta ni umbali ule ule. Mia nne sabini na tatu ni kilomita. Mia mbili tisini na nne ni maili za barabarani, zile wanazozitumia Waingereza na Wamarekani. Mia mbili hamsini na tano ni maili za baharini, ambazo ndizo rubani na mwongoza ndege wanazozitumia, na kila moja ina kilomita 1.852. Waandishi wa kurasa hizo hawakukosea hesabu, ila hawakukuambia wanapima kwa kipimo gani.

Hata wewe unaweza kuupata umbali huo kwa kalamu na karatasi, na ningependa uione hesabu yenyewe kwa sababu inaonyesha namba hii inatoka wapi. Uwanja wa Mwanza uko digrii 2 na dakika 27 kusini mwa ikweta, na digrii 32 na dakika 56 mashariki. KIA iko digrii 3 na dakika 26 kusini, na digrii 37 na dakika 4 mashariki. Dakika hizi si za saa. Ni sehemu ya sitini ya digrii. Maili ya baharini iliwekwa ilingane na dakika moja ya kwenda kusini au kaskazini juu ya uso wa dunia. Kwa hiyo ukitoka Mwanza kwenda KIA unashuka kusini dakika 59, sawa na maili 59, na unakwenda mashariki dakika 248. Huku kwetu karibu na ikweta, dakika ya kwenda mashariki nayo ni karibu maili moja kamili. Ungekuwa Ulaya ingepungua sana. Sasa chukua ile kanuni ya pembetatu ya darasani: 59 kwa 59 ni 3,481, 248 kwa 248 ni 61,504, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, unapata 255. Zidisha kwa 1.852, unafika kwenye kilomita 472 na ushee. Ukikuta mahali pameandikwa 472 au 474, usihangaike. Huenda mmoja amechukulia dunia kuwa mviringo kamili, mwingine amezingatia kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha.

Huo ni mstari ulionyooka. Ukiuchora kwenye ramani, unaanzia kando ya ziwa pale Ilemela, unapita juu ya Magu, unaiacha Bariadi kidogo upande wa kusini, unaingia kusini mwa Serengeti kati ya kilima cha Naabi na Ziwa Ndutu, unavuka bonde la Olduvai, unagusa kingo za kaskazini za kreta ya Ngorongoro, halafu unakwenda moja kwa moja hadi juu ya Arusha mjini na kuishia KIA. Sijui mstari mwingine mfupi kama huo nchini mwetu unaopita juu ya vitu vingi hivyo. Ndege yenyewe haitaufuata kama uzi, kwa sababu inafuata njia zilizopangwa na maelekezo ya mnara wa kuongozea ndege, lakini haitakwenda mbali nao sana.

Muda sasa. Zile "dakika 35" na "saa 1 na dakika 5" zimetoka kwenye mashine moja. Kurasa nyingi za mtandaoni zinazotoa muda wa safari hazijui ni ndege gani inaruka. Zinachukua maili za barabarani, zinagawanya kwa 500, yaani kana kwamba ndege zote za dunia zinakwenda maili 500 kwa saa, kisha nyingine zinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Gawanya 294 kwa 500 utaona: dakika 35. Ongeza 30: saa 1 na dakika 5. Ni makadirio ya mashine isiyojua kama unapanda jeti au ndege ya pangaboi, na haipaswi kuaminiwa kwa safari yenye ndege nyingine inayokusubiri mbele.

Ndege za abiria zinazofanya safari za ndani hapa kwetu hazilingani mwendo. ATR za Precision Air, zenye mapangaboi mawili, zikishatulia angani zinakwenda karibu kilomita 500 kwa saa. Q400 za Air Tanzania nazo ni pangaboi lakini zina nguvu zaidi, zinakaribia 650. Airbus A220 ni jeti, inafika 830 hivi. Kuna na zile Cessna Caravan ndogo za injini moja zinazohudumia watalii, ambazo zinakwenda kilomita 300 na kidogo na mara nyingi zinatua njiani Seronera au penginepo. Kwenye karatasi, kilomita 473 ni dakika 57 kwa ATR, 44 kwa Q400 na 34 kwa jeti.

Lakini hakuna ndege inayoondoka ardhini ikiwa tayari na mwendo huo. Kanuni ya marubani ya kushuka ni kwamba kila futi 1,000 zinahitaji maili 3 za baharini za kwenda mbele. Ndege inayotoka Mwanza inaelekea mashariki, na zinazoelekea mashariki hupewa miinuko ya elfu witiri (zisizogawanyika kwa mbili), kwa hiyo tuseme jeti yako imepewa futi 31,000. KIA iko karibu futi 2,900 juu ya usawa wa bahari. Ina maana ina futi 28,000 za kushuka, nazo zinakula maili 84. Kupanda nako kunakula maili zinazokaribia hizo au kuzidi. Toa kwenye 255, na utaona kwamba jeti inakaa kwenye mwendo wake kamili kwa kama theluthi moja tu ya safari. Ndiyo maana kwa umbali kama huu jeti haimwachi pangaboi kwa kiasi ambacho watu wanadhani. Nimewasikia abiria wakilalamika wakipewa pangaboi badala ya jeti, nami siwalaumu, ila kwa Mwanza na KIA tofauti wanayoipoteza ni kama robo saa.

Upepo nao upo. Kwenye miinuko wanayoruka pangaboi, huku kwetu upepo kwa kawaida unatoka mashariki. Ukienda KIA unakupinga, ukirudi Mwanza unakusukuma. Upepo wa maili 20 kwa saa unaiongezea ATR kama dakika 4 kwenda na kuipunguzia kama 4 kurudi. Si kitu kwa abiria, ila ukiona ratiba inaonyesha safari ya kurudi ni fupi kidogo, sababu ndiyo hiyo. Kwa bahati nzuri, upepo huo huo unasaidia KIA: njia yao ya kurukia na kutua imelala mashariki na magharibi, na ndege zikitua kwa kuelekea mashariki, ya kutoka Mwanza inaingia karibu moja kwa moja bila kuzunguka.

Sasa ile saa 1 na robo. Hiyo ndiyo ninayoiamini kwa ATR, na haihesabu angani pekee. Muda unaoandikwa kwenye tiketi unaanza ndege inapoachia maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili. Ndani yake kuna ndege kutembea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri ndege nyingine itue, kupaa, kushuka, kutua, na kurudi maegeshoni. Kwa jeti, tarajia kama saa moja. Kwa Q400, saa moja na dakika tano hadi kumi. Kwa Caravan isiyotua njiani, saa moja na dakika arobaini hivi. Haya ni makadirio yangu kwa siku tulivu.

Siku isiyo tulivu Mwanza huletwa zaidi na ziwa. Ziwa Victoria linatengeneza mvua yake lenyewe. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka pande zote za pwani kuelekea katikati ya ziwa, unakutana huko na kupanda, na ngurumo zinazaliwa juu ya maji usiku wa manane hadi alfajiri. Wavuvi wa Ukerewe na Ukara wanalijua hilo kuliko mtaalamu yeyote. Mchana mambo yanageuka: upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu makubwa yanajijenga juu ya ardhi tangu saa nane mchana. Ndege haipiti ndani ya wingu la namna hiyo. Inalizunguka, au inasubiri angani, au inasubiri chini. Rubani anabeba mafuta ya safari, ya tahadhari, ya kufika uwanja mbadala, na juu ya yote hayo akiba ya mwisho ambayo kwa jeti ni dakika 30 za kuzunguka. Akikuambia tunasubiri mvua ipite, mwamini.

Kuhusu kaka yako na gari. Namwelewa, kwenye ramani Mwanza na Arusha zinaonekana majirani, ila katikati yao kuna Serengeti na Ngorongoro. Barabara kuu ya lami inazunguka kusini: Shinyanga, Nzega, Igunga, mlima Sekenke, Singida, Katesh, Babati, Makuyuni, Arusha, kisha kama kilomita 50 nyingine hadi KIA. Jumla inazidi kilomita 800. Basi halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, kila kijiji kina kibao cha 50, na askari wa tochi wapo. Hesabu saa 13 au 14, na mama yako atafika amechoka kabla hata hajaanza safari yenyewe. Ipo njia fupi ya kuingilia lango la Ndabaka na kukatiza Serengeti na Ngorongoro hadi Karatu, lakini utalipa viingilio vya hifadhi zote mbili, sehemu kubwa ni vumbi na mawe, na malango yanafungwa jioni. Kwa mtu anayewahi ndege, simshauri.

Kuna jambo jingine nataka ulihakikishe leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Tazama tiketi yako imeandikwa JRO au ARK. JRO ni KIA. ARK ni uwanja mdogo wa Arusha ulioko Kisongo, magharibi mwa jiji, ambao kwa mstari ulionyooka uko karibu na Mwanza kwa kilomita 49 zaidi. Watu wanasema "natua Arusha" wakiwa na maana ya vyote viwili. Ukitua Kisongo, una safari ya kulivuka jiji lote la Arusha na kwenda hadi KIA, na jioni magari yanavyojaa hiyo ni saa moja na nusu rahisi.

Tazama pia kama ndege yenu inakwenda moja kwa moja au inapitia Dar es Salaam. Mwanza hadi Dar ni kama kilomita 850, Dar hadi KIA ni kama 450, jumla 1,300, karibu mara tatu ya umbali uliouliza. Ratiba hubadilika kila msimu, na nimeona watu wakikata tiketi ya Mwanza hadi Kilimanjaro bila kugundua kwamba watashukia Dar wasubiri saa tatu.

Na saa zenyewe. Umeniandikia 17:10 na 21:20 kama zilivyo kwenye tiketi, umefanya vizuri. Hizo ni saa 11:10 jioni na saa 3:20 usiku. Jamaa yangu wa karibu aliwahi kupewa tiketi ya 05:40, akaisoma saa tano na dakika arobaini asubuhi, akafika uwanjani saa nne ametulia kabisa na begi lake. Ndege yake ilikuwa imeondoka saa 11:40 alfajiri. Mama akisoma tiketi mwenyewe, muandikie kando kwa kalamu saa ya Kiswahili.

Basi, mtawahi? Tuhesabu. Mkitua saa 11:10 jioni, mkasubiri mizigo, mkatoka na kuingia upande wa safari za nje, ni kama saa 11:50. Kaunta za safari za kimataifa kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, yaani saa 2:20 usiku. Mna saa mbili na nusu za ziada. Siku ya kawaida zinatosha, na mama atapata hata muda wa kula.

Tatizo langu ni kwamba ndege yenu ni ya jioni. Ndege inayofanya safari za ndani haikai kusubiri abiria wake. Ile ile iliyoamka Dar alfajiri imekwenda labda Mbeya, ikarudi, ikaenda Dodoma, ikarudi, ndipo ije Mwanza kuwachukua. Kila ilipochelewa dakika ishirini, abiria wa safari inayofuata amelibeba deni hilo, na wa jioni ndiye anayelilipa lote. Ongeza yale mawingu ya saa nane mchana. Kuchelewa saa mbili na nusu si jambo la kila wiki, lakini nimeliona mara nyingi mno kiasi kwamba siwezi kukuambia ulale usingizi.

Na tiketi zenu ni mbili tofauti. Hili ndilo lingenifanya nibadilishe mpango kama angekuwa mama yangu. Tiketi ikiwa moja, toka Mwanza hadi Ulaya, ndege ya kwanza ikichelewa ni wajibu wa shirika kumtafutia nafasi nyingine. Zikiwa mbili, shirika la safari ya pili halimjui mtu aliyekwama Mwanza. Linaona abiria ambaye hakutokea, na tiketi ya Ulaya inaweza kupotea yote. Mizigo nayo haitaunganishwa, itabidi muichukue KIA na kuipeleka tena kaunta. Angalia uzito unaoruhusiwa kwenye tiketi ya Mwanza, kwa sababu safari za ndani mara nyingi zinaruhusu kilo pungufu, na najua mama hatakwenda kwa mwanawe bila dagaa.

Ushauri wangu ni huu. Hamishieni safari ya Mwanza siku moja kabla, au asubuhi ya siku ile ile kama kuna ndege ya asubuhi. Mkichagua siku moja kabla, mlale Usa River au Boma Ng'ombe, zote ziko karibu na KIA kuliko Arusha au Moshi na nyumba za wageni zipo za bei ya kawaida. Asubuhi mama atapumzika, atakula taratibu, na saa 11 jioni mtakuwa uwanjani wakati ambao kwa mpango wa sasa ndio kwanza mngekuwa mnatua. Gharama ya kulala usiku mmoja ni ndogo sana mbele ya tiketi ya Ulaya iliyopotea.

Mkishindwa kabisa kubadilisha, fanyeni hivi siku ya safari: tangu saa nne asubuhi pigeni simu shirika linalowabeba, na msiulize tu kama ndege yenu iko kwa wakati, kwa sababu jibu litakuwa ndiyo. Ulizeni ndege itakayokuja kuwachukua iko wapi sasa hivi na imechelewa kiasi gani. Ikiwa saa sita mchana tayari imechelewa zaidi ya saa moja, ombeni mhamishiwe safari ya mapema zaidi au mpitie Dar kama nafasi ipo, na wakati huo huo pigeni simu shirika la Ulaya kabla kaunta yao haijafungwa. Anayepiga simu kabla ndege haijaondoka ana nafasi ya kubadilishiwa tarehe. Anayepiga baada ya hapo ana maelezo mengi na msaada kidogo.

Kama mtasafiri asubuhi, mwombee mama kiti cha dirishani upande wa kushoto. Zikiwa zimebaki dakika kama kumi kutua, Mlima Meru unapita upande huo, karibu mno, na mbele yake Kilimanjaro, kama mawingu hayajaufunika. Jioni mara nyingi yanakuwa yameshaufunika.